Kabla Hujauza Hisa za Lwembe

Bel-Air, Kampemba,
Lubumbashi.
Jumapili, tarehe 10 Machi 2024

Mpendwa mjukuu wangu Joëlle,

Nakusalimu kutoka chumba cha mbele, kwa mkono ambao, kama unavyoona, haufuati tena mistari ya karatasi. Habari za Liège? Baridi yenu imepungua? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa Noeli kimepona kabisa? Usinijibu "ça va" tu kama unavyonijibu kwenye simu. Nataka kujua kama unakula vizuri na kama unapata usingizi.

Sisi hapa tunaendelea. Mvua bado inanyesha kila alasiri, njia ya nyuma imekuwa mfereji, na Ruphin, mdogo wa marehemu baba yako, anavua viatu kila anaporudi kutoka kazini na kuvishika mkononi kama samaki. Juzi Edith, mkewe, alileta uyoga wa tente, mmoja wao mpana kuliko sinia, akaupika na karanga. Nilipewa vijiko viwili bila chumvi, maana chumvi nimekatazwa. Nilikula nikamkumbuka marehemu mke wangu, nkambo yako Albertine, ambaye angenitilia chumvi kwa siri.

Afya yangu sitaipamba. Miguu inajaa maji na moyo umechoka. Daktari alinieleza kwa Kifaransa kirefu, nami nikakielewa Kiswahili chake kifupi: mvua hizi nitazimaliza, zile za Novemba nisizihesabu. Nina miaka sabini na mitatu. Silalamiki. Nakuambia tu ili ujue kwa nini naandika leo na si mwezi ujao.

Utajiuliza pia kwa nini naandika badala ya kukutumia sauti kwenye simu kama watu wote. Kifaransa changu ni cha ofisini. Kiswahili hiki nilifundishwa na mapadri kule Kabongo, ambako baba yangu alikuwa mtu wa reli, na ni kwa Kiswahili hiki nilijifunza kuungama. Mwila, binti wa jirani yetu, anasafiri Alhamisi kwenda Bruseli. Nitamkabidhi bahasha mbili. Moja ni hii. Ya pili nitakueleza.

Ujumbe wako nimeusikiliza mara nne. Umeniuliza neno moja: "Nkambo, niuze ama ningoje?" Wiki tatu nakujibu kwamba nafikiri. Sikuwa nafikiri, Joëlle. Nilikuwa najificha.

Umenieleza jambo vizuri kuliko magazeti. Lwembe, kampuni niliyoifanyia kazi miaka thelathini na mmoja, imetangaza kwamba faida iliyoichapisha kwa miaka mitatu haikuwa sahihi, nayo imeziandika hesabu hizo upya. Inasema maabara ilikosea kupima shaba katika marundo mawili ya mawe, Rundo la Kwanza na la Pili. Hisa zikaanguka karibu nusu kwa siku mbili. Sasa zimetulia, hata zimeanza kupanda kidogo, na yule bwana wa benki yako anakushauri ungoje kwa sababu ubaya wote umekwisha kutoka.

Haujatoka wote. Kuna Rundo la Nne.

Nimeliandika. Nimepumzika kidogo, Edith ameniinua kwenye mito, sasa naendelea.

Wewe unajua kwamba nilikuwa mtu wa hesabu. Hujui nilihesabu nini. Pale kiwandani, mawe yaliyochimbwa hayaingii yote kwenye mitambo siku hiyo hiyo. Yanawekwa nje, yanakuwa kilima, na kilima hicho kinaandikwa katika vitabu kama mali: shaba kiasi fulani inayongoja zamu yake. Kila mwisho wa mwaka kazi yangu ilikuwa kutia sahihi kwamba shaba hiyo ipo. Ili kujua kilichomo, tulitoboa mashimo kumi na mawili kwa kekee ya mkono na kupeleka udongo maabara. Kila shimo lilikuwa na kina cha mita mbili. Rundo la Nne lilikuwa na kimo cha mita tisa.

Mwaka wa kwanza nilimwuliza mkuu wetu, engineer Gauthier, kwa nini tusishuke zaidi. Alicheka mbele ya watu.

"Alphonse, weye njo muntu ya karatasi. Mawe achia bantu ya mawe. Shaba haibadilikake kabila mu kati ya rundo."

Wote wakacheka, nami nikacheka nao, nikatia sahihi. Kwa miaka hiyo ya kwanza naweza kusema sikujua. Ukweli ni kwamba sikutaka kekee ndefu.

Kisha ikaja Januari 2015. Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, maji yakapasua ubavu wa Rundo la Nne, yakachimba korongo ambalo mtu angeweza kusimama ndani yake. Nilifika asubuhi na kofia yangu na mwavuli. Juu kulikuwa na mawe ya kijani, mazuri, kama mita mbili na nusu. Chini yake, hadi ardhini, mawe ya kijivu matupu, yale yasiyo na kitu, ambayo tulikuwa tunayatupa. Mtu alikuwa amejenga kilima cha takataka na kukivika koti la shaba, koti nene kidogo kuliko mashimo yetu.

Gauthier hakucheka siku hiyo. Alisema wakaguzi wa hesabu watafika Jumatatu, na korongo lizibwe. Aliyekuwa zamu kwenye mashine ya kupakia mawe alikuwa Ruphin. Kazi ile nilimtafutia mimi mwenyewe, mwaka mmoja kabla. Nilimwendea, nikamwonyesha mahali pa kumwaga.

"Chef," akaniambia, maana kazini aliniita chef kwa kunitania, "huku chini iko kama majivu ya makala mu mbabula. Ni nini?"

"Funika tu. Mvua inabomoa."

"Sawa, chef. Leo unafundisha mpaka kufunika mashimo!"

Akafunika. Hakuuliza tena, kwa sababu mimi ni baba yake. Jioni nilichora korongo lile katika daftari langu, na vipimo vyake, na tarehe, na jina la aliyetoa amri na la aliyeipokea. Sijui nilimchorea nani. Labda nilidhani kuandika mahali pa siri ni nusu ya kusema.

Baada ya hapo nilitia sahihi mara nne zaidi, nikijua. Nilipostaafu mwaka 2019, Gauthier alinipa mkono na karatasi za hisa. Wahasibu wengine wa cheo changu walipewa saa ya ukutani. Sikuuliza kwa nini mimi nimepewa hisa. Ninyi nyumbani mlifurahi, Edith akapika kuku wawili, nami nikaomba dua kabla ya kula. Gauthier alifariki mwaka juzi. Msafara ulitoka kwenye nyumba yake kubwa kule mtaa wa Golf, nami nilibeba shada la maua. Nilitumaini kwamba jambo lile limefukiwa naye.

Hadi hapa dhambi ni yangu peke yangu. Kuanzia hapa nilikuvuta wewe.

Hisa zile ziliwekwa kwa jina lako kwa sababu benki ilitaka mtu mwenye anwani ya huko. Kisha ukaniuliza kama na wewe uongeze za kwako, kutoka mshahara wako, kwa ajili ya ile famasi unayotaka kuifungua hapa Bel-Air. Nakumbuka swali lako: "Nkambo, kampuni hii unaijua?" Nikakujibu: "Naijua hadi ndani ya mawe yake." Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Ningeweza kusema tu kwamba mimi ni mzee, sijui mambo ya masoko. Lakini kukukataza kungetaka sababu, na sababu ilikuwa ndani ya daftari.

Kwa hiyo miaka minne umetia humo kila ulichoweza. Nimelala sasa katika chumba kile ulichokipima kwa hatua zako ulipokuja likizo, ukasema rafu zitakaa ukutani na dirisha la kuuzia litafunguka barabarani. Kitanda changu kipo mahali pa rafu. Nikigeuka upande wa kulia naona dirisha lako.

Nataka nikiri pia jambo dogo, ambalo kwangu ndilo lililokuwa gumu zaidi. Mara mbili nimeshika simu nikakurekodia neno moja: "Uza." Hukuhitaji kujua kitu kingine. Ungeuza ukiwa huna kosa, ungeokoa nusu iliyobaki, na mimi ningeondoka na siri yangu. Ilikuwa rahisi hivyo. Mara zote mbili nilifuta. Mara ya kwanza sijui kwa nini. Mara ya pili ni kwa sababu ya Edith.

Ilikuwa Jumanne iliyopita. Kila siku saa nne ananiletea beseni la maji ya uvuguvugu, anakaa kwenye kigoda na kunikanda miguu ili maji yashuke. Mikono yake ina nguvu na mdomo wake haunyamazi. Aliniambia kwamba mwezi ujao ni zamu yake kupokea fedha za likelemba ya akina mama wa parokia. Amekuwa akichanga mwaka mzima.

"Papa, miye niko na wazo," akasema. "Ruphin amesema ma-actions ya kampuni yao ilianguka. Joëlle anaweza kunichukulia zangu? Bei iko chini sasa."

Nilimwambia angoje kwanza.

"Ningoje nini? Mpaka ipande tena? Papa, weye ulitumika kazi kule, unazo, haujaziachilia. Joëlle anazo. Ruphin iko kule mpaka leo. Familia yote imekaa ku meza, miye tu banaacha ku jikoni!" Akacheka, akanipiga kofi dogo kwenye wayo. "Sema tu unataka uzikule peke yako."

Nilicheka, Joëlle. Nilicheka vilevile nilivyocheka mbele ya Gauthier. Ndipo nikaelewa ninachokuambia ukifanye ninaposema "Uza". Hisa haiuzwi hewani. Kuna mtu upande wa pili anayeinunua, naye anainunua kwa sababu anaamini ubaya umekwisha. Hatumjui jina, yuko nyuma ya kioo cha simu yako. Lakini mimi sasa namjua uso. Ananikanda miguu.

Tangu siku hiyo nazunguka mahali pamoja. Nikikuambia uuze, namwibia mtu kwa mkono wako. Nikinyamaza, utangoja kama benki inavyokushauri, na siku Rundo la Nne litakapofunguliwa utapoteza akiba yako bila hata kujua kwamba babu yako alijua. Nikisema kwa sauti, kwanza unaanguka wewe, halafu anaanguka Ruphin. Watauliza nani aliendesha mashine siku ile, na katika daftari jina lake nimeliandika kwa mwandiko wangu mzuri. Ana miaka arobaini na mbili na watoto wanne, na hajui kazi nyingine. Kiwanda chenyewe kinaweza kupunguza watu. Ningekuwa na kitu cha kukulipa ningekuwa nimekulipa kwanza, kisha nikasema. Sina. Nyumba hii ni ya familia yote, na penseni yangu inaishia kwenye dawa.

Hakuna njia niliyoiona ambayo haimkanyagi mtu wangu. Nimezihesabu zote, na kuhesabu ndiyo kazi niliyoijua maishani.

Na sasa nimefanya jambo baya zaidi pengine. Ulipoifungua barua hii ulikuwa bado mtu huru; ungeweza kuuza asubuhi ile na hakuna ambaye angekulaumu. Umefika mstari huu, na mlango huo nimeufunga. Unajua ninachojua. Ukiuza leo, unauza kama mimi nilivyotia sahihi. Nisamehe. Nilitafuta namna ya kukuambia ukweli bila kukufunga nao, sikuipata.

Bahasha ya pili ina nakala ya daftari langu, kurasa tisa, na barua kwa wakaguzi wa hesabu wa kampuni, ambao ofisi yao ipo Bruseli. Nimeandika kwamba aliyeendesha mashine alitii amri ya baba yake bila kujua, na kwamba sahihi zote ni zangu. Nimemwomba Mwila aipeleke mwenyewe kwa mkono siku atakayofika, kabla hajakuletea hii. Kwa hiyo utakapokuwa unasoma, watakuwa nayo. Lakini wakaguzi hawatangazi siku hiyo hiyo. Watataka kuchunguza, wataniita kwenye simu, watatuma watu na kekee ndefu. Itakuwa wiki, labda miezi miwili. Muda huo wote bei itakuwa palepale kwenye simu yako, na kidole chako kitakuwa karibu. Hakuna atakayekuona isipokuwa wewe.

Jibu langu la swali lako, basi, ni hili. Usiuze sasa. Usinunue zaidi. Siku watu wote watakapojua ninachokijua, uza ukitaka, hata kama utapata bei ya mkate, kwa sababu siku hiyo wewe na mnunuzi mtakuwa mnaliangalia rundo moja. Bwana wa benki usimwambie lolote. Najua ninachokuomba ni famasi yako. Sikuombi kama babu mwenye haki ya kuamuru. Haki hiyo niliitumia vibaya kwa baba yako mdogo.

Kama utauza hata hivyo, sitakulaani, wala hutakuwa umevunja neno ulilonipa, maana hukunipa neno. Niandikie tu ukweli. Kama sitakuwepo, mwandikie Edith.

Ruphin bado sijamwambia. Nitamwambia leo akitoka misa, kabla ujasiri haujanitoka. Edith nitamwambia sasa hivi. Nasikia beseni uani.

Nisalimie binamu yako Tracy na mumewe Edouard, na yule mtoto wao mdogo ambaye mlimpa jina la nkambo yako Albertine. Mwambie Tracy kitenge alichotuma kilifika, Edith amekwisha kukishona na anakivaa mpaka sokoni. Majirani wote wanakuulizia. Mungu aliyekulinda tangu ulipoondoka hapa ukiwa na sanduku moja aendelee kukulinda, akupe mikono safi na usingizi mzuri, na akufungulie dirisha lingine mahali nilipokuzibia hili.

Ni mimi nkambo yako, ninayekupenda na kukutegea sikio hadi mwisho,

Alphonse Mumba

Naongeza maneno machache, kwa kuwa bahasha bado haijafungwa. Nimemwambia Edith. Nilimwambia yote, na la Ruphin pia, miguu yangu ikiwa ndani ya beseni. Alimaliza mguu wa kushoto, akamaliza wa kulia, akaikausha kidole kwa kidole kama kila siku, akamwaga maji uani. Nilidhani hatarudi. Akarudi, akasimama mlangoni na beseni tupu.

"Joëlle amekwisha kuziuzisha?"

"Bado."

Akatazama dirisha lako.

"Mwandikie asiuzishe kwa muntu kama miye."

Kisha akaichukua hii bahasha aifunge yeye mwenyewe.